Nyumba ninazochora hazipo, ila watu wa Mikindani wanadai vyumba

Kuna vijana wa huku Mtwara na wengine wa Lindi wananitafuta kwenye simu wananiuliza nimeanzaje kuchora yale majengo ya kubuni, yani yale maghorofa yangu ambayo ukizunguka mji mzima hulioni hata moja. Kujibu mmoja mmoja nimechoka kwa kweli. Naandika yote hapa, na hela ilivyoliwa nasema, asije mtu akasema sikumwambia.

Kazi yangu ilikuwa mabango. Saluni, duka la vipuri vya pikipiki, kinyozi, mkaanga chipsi, uso wa dada mwenye rasta ndefu ukutani. Ni kazi ya mkono kwenda kinywani, na siku hizi imeliwa na mabango ya kuprinti, mtu anaagiza asubuhi jioni anatundika. Picha za twiga na tembo nilijaribu pia. Mzee Edward Tingatinga mwenyewe ni mtu wa huku kwetu kusini, wa Tunduru, alianza Dar mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya kupakia baiskeli juu ya hadibodi, akafariki 1972, kwa hiyo sina ugomvi wowote na twiga. Ila mtalii wa Mtwara ni wa kumulika na tochi, na ukipeleka twiga wako Dar unakuta mwenzako ameshamtundika mwenye shingo ndefu zaidi.

Hii ya majengo ilianzia kwenye nyumba ya bibi mzaa mama, pale Mikindani, mji mkongwe jirani na Mtwara mjini, chini kidogo ya kilima cha Boma. Nyumba ya mawe. Masika fulani ukuta wa mbele ulilala wote, mwaka uliofuata watu wakabeba boriti, mawe yakaenda kwenye msingi wa mtu mwingine. Bibi alikuwa ameshatangulia. Nikasema niichore ndugu wawe nayo ukutani, basi, sikuwa na wazo lingine.

Tatizo picha ya kuangalizia haipo. Ipo moja ya harusi ya mjomba, nyuma kabisa unaona kipande cha mlango na ndoo. Nikaanza kuuliza. Mama mkubwa akasema ngazi ilikuwa mkono wa kulia ukiingia, na anajua kwa sababu alianguka pale akavunja jino. Mama mdogo akasema hapana, kushoto, kulia palikaa mtungi wa maji. Mjomba ndo akaua kabisa, akasema nyumba ile haikuwa na ngazi, ilikuwa ya chini tu, ghorofa lilikuwa la jirani yetu Mhindi na sisi watoto tulikuwa tunakwenda kucheza huko. Ndugu watatu wamelelewa pamoja wanakuletea nyumba tatu, alafu ukimwambia mmoja kwamba mwenzake amesema tofauti ananuna.

Nikachora ngazi zote mbili. Moja inapanda kulia nyingine kushoto, zinakutana juu kwenye roshani ya jirani. Mama mkubwa alivyoiona akaniambia, "Mwanangu, umemuweka na yule na uongo wake humu humu?" Akasusa kidogo. Ila hakuondoka, akavuta kiti, na kwa ajili ya ile roshani akaanza kusimulia habari za yule jirani ambazo mimi mtu mzima na ndevu zangu sijawahi kuzisikia. Namna alivyofunga duka baada ya 1971, mwaka ule serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Namna alivyoacha cherehani kwa bibi akisema ataifuata. Baadaye wakasikia yuko Kanada. Kama ningechora ile nyumba sawasawa na ilivyokuwa, mama mkubwa angesema "ndiyo hii" akaenda kupika. Kwa sababu ilikuwa na kitu ambacho hakipo ndo maneno yakatoka, na hapo ndipo nilipoona kuna kazi ya kufanya humu.

Sasa kwa anayetaka kuanza. Usikae ndani ukabuni tu. Nenda kapime nyumba za kweli kwanza, na kabla ya kupima pita kwa mwenyekiti wa mtaa, ukionekana na futi kamba unazunguka nyumba za watu Mikindani wanajua umetumwa na mnunuzi wa viwanja. Mimi nilikuwa naenda na daladala asubuhi mapema jua likiwa bado upande, maana mwanga wa saa sita unafuta kila kitu, ukuta unakuwa karatasi. Saa moja asubuhi unaliona lile jiwe la matumbawe na vishimo vyake, unaona na pale chokaa ilipopigwa juu ya chokaa miaka na miaka mpaka kona zimekuwa za mviringo. Na utaona ukuta uliozibwa kwa saruji unavyokufa: saruji inafungia unyevu na chumvi ndani, jiwe linaoza kwa nyuma, alafu lile bamba la plasta linadondoka zima zima. Chokaa ilikuwa inapumua. Hiyo ukiijua unachora ukuta wa zamani vizuri zaidi kuliko mwenye brashi ya bei mbaya.

Kuna fundi mmoja mzee pale, ameshika chokaa tangu ujana wake, nilimpelekea mchoro wa penseli. Kwenye ghorofa ya pili nilikuwa nimeweka ukumbi mkubwa wa hatari, dari tambarare, hakuna hata nguzo. Akaishika ile karatasi akaisogeza mbali na macho akaniuliza, "Boriti gani hiyo, mjukuu wangu?" Nikamwambia babu hii ni ya kubuni. Akasema sawa, ni ya kubuni, boriti gani? Akanieleza kwamba boriti za mikoko hazivuki zaidi ya hatua tatu hivi za mtu mzima, ndo maana vyumba vya nyumba za mawe pwani yote ni virefu na vyembamba, upana wa chumba umeamuliwa na mti uliokatwa mkokoni. Nilirudi nikafuta ukumbi wote, nikauvunja kuwa vyumba vyembamba vinne vinavyofuatana, kila kimoja giza zaidi ya kilichotangulia. Picha ikabadilika kabisa. Mtu akiiangalia sasa anahisi anaingia ndani ndani kwa watu, kule ambako mgeni hafikishwi. Kwa hiyo ndugu yangu, jengo lako hata kama linaelea hewani, lipe boriti.

Suala la mistari ya kuonyesha umbali wengi wanaliogopa. Mi natumia msumari na uzi: napiga msumari mdogo kwenye ubao usawa wa jicho la mtazamaji, nafunga uzi nimeupaka chaki, kila mstari unaokwenda mbali nauvuta kutokea pale. Rahisi kabisa. Kitu nilichoongeza ni kwamba simpi kila msimuliaji msumari uleule. Mama mdogo anaposema baraza la bibi lilikuwa juu sana, hadanganyi, alikuwa mtoto wa miaka sita na baraza lilimfika kifuani. Basi upande wake wa picha msumari unashuka chini, baraza linapanda, mlango unakuwa mrefu wa kutisha. Upande wa mjomba aliyekuwa kijana wa kutoroka usiku msumari uko juu, anaona mpaka paa za majirani. Ukisimama mbele ya picha unahisi kuna kitu hakijakaa sawa lakini huwezi kusema ni nini, na mimi hapo naacha hivohivo.

Kuna waliofanya haya kabla yangu, sijagundua kitu. Mtaliano Piranesi, aliyefariki 1778, alisomea ujenzi, akapima na kuchora magofu ya Roma miaka na miaka, na akatoa pia picha za magereza ya kubuni, ngazi zinapanda hazifiki popote. Karibu na sisi kuna Mkongo, Bodys Isek Kingelez, alikuwa anajenga miji mizima ya kubuni kwa karatasi, maboksi na makopo, anasema mji wetu ungekuwa hivi. Alifariki 2015, na 2018 MoMA, makumbusho ya sanaa ya New York, ikamfanyia onyesho kubwa. Niliwaona kwenye simu, bando lilikwisha siku hiyo hiyo.

Ila mwalimu wangu mkubwa ni magofu ya Kilwa Kisiwani. Ukienda, kibali unakata Kilwa Masoko kabla ya kupanda boti, usifike kule mikono mitupu ukaanza kubembeleza. Nenda mpaka Husuni Kubwa, watu wengi wanaishia kwenye msikiti mkuu wanachoka. Husuni ni jumba la mfalme la karne ya 14, vyumba zaidi ya mia, lina bwawa la kuogea la pembe nane juu ya mwamba unaoangalia bahari, na jumba lenyewe halikumalizwa kujengwa. Nilikaa ukingoni mwa lile bwawa nikawaza kwamba sisi watu wa Mtwara na Lindi kumbe mambo ya kujenga tukaishia njiani tuna historia nayo ndefu. Na jambo lingine: Ibn Battuta alipita Kilwa 1331 akausifia mji ni mzuri sana, alafu akaandika nyumba zake ni za miti. Msikiti wa mawe uko pale, jumba la mawe liko pale, yeye aliyekuwepo anatuachia miti. Nilicheka peke yangu nikamkumbuka mjomba na nyumba yake isiyo na ngazi.

Kutoka Kilwa picha zangu zikaacha kuwa za familia tu. Nikaanza kurundika, kila ghorofa na zama zake. Chini mawe ya Mikindani. Juu yake nyumba za wazungu wa mpango wa karanga, maana Mtwara hii unayoiona na barabara zake pana ilipangwa kwa ajili ya karanga za Waingereza, wameanza 1947, mpango umekufa 1951, wametuachia bandari na reli ya kwenda Nachingwea ambayo nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwenye picha yangu treni inaingilia dirishani ghorofa ya pili inasimama katikati ya sebule, abiria wanatelemka wanapewa chai. Juu ya hapo vyumba vya gesti, vingi, vipya, mashuka bado yamo kwenye nailoni, hakuna mgeni. Aliyekuwepo Mtwara kati ya 2012 na 2015, kuanzia habari za gesi zilipopamba moto mpaka bomba lilipomalizwa kwenda Dar, hahitaji kuelezwa hiyo ghorofa. Viwanja vilivyopanda bei watu wakauza mashamba, wengine wakakopa wakajenga gesti. Vurugu za 2013 za kupinga hilo bomba sijazichora. Nimeweka tu mlango mmoja umefungwa kwa nje.

Na juu kabisa ni linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Huku kwetu nyumba inapanda kwa misimu ya korosho, mwaka huu msingi, mwaka ujao tofali, bei ikianguka nyumba inasimama kwenye linta inaota majani. Wa msimu wa 2018, serikali ilivyosema itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo na malori ya jeshi yakaja kubeba, kuna waliosubiri malipo mpaka wakachoka, na nyumba zao unazijua kwa macho ukipita barabara ya Newala. Nilitembea nikichora linta tu. Nondo zimechomoza juu zina kutu, kwenye moja mtu kaanika kanga, nyingine kuku anatagia kwenye uwazi wa dirisha. Juu ya linta hizo ndo nikaweka bwawa la pembe nane la Husuni, limejaa maji.

Haya, vifaa na hela. Turubai za kununua Dar sahau mwanzoni, bei yake utalia. Hadibodi linatosha, lakini pwani hii hadibodi linakunywa unyevu mpaka linapinda na kingo zinavimba, hivyo paka emulsheni pande zote mbili na kingoni, mbele mara mbili na msasa katikati, nyuma gongea fremu ya mbao. Rangi ya maji kamwe usiipake juu ya rangi ya mafuta, itabanduka. Kinyume chake ni sawa. Ukuta wa chokaa usichukue nyeupe ya kopo ukapaka hivohivo, weka tone la bluu ya kufulia, ndivyo wazee walivyokuwa wanachanganya chokaa yenyewe, na weupe unatulia. Matumbawe nayapiga kwa kipande cha gunia kilicholowa rangi nzito. Masika usianze picha kubwa ya rangi ya mafuta, haikauki, inanasa vumbi na kumbikumbi. Akriliki za kuagiza nilinunua za kutosha kunitia deni la laki tatu na ushee, na nusu ya rangi zile ningezichanganya mwenyewe kwa kopo la fundi rangi. Mke wangu bado ana maneno juu ya hilo deni.

Kuna chumba nataka kukisema kidogo. Ukiuliza habari za nyumba za zamani Mikindani utafika kwenye vyumba vya chini visivyo na dirisha, na watu watanyamaza. Mji ule uliuza watu, kila mtu anajua, na wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa wanaswali safu moja na wameoana. Nilimuuliza bibi mmoja hicho kilikuwa chumba cha nini akanijibu "cha mazao", akageukia ungo wake wa mchele. Sikurudia swali na wewe usirudie. Usiku ule sikulala vizuri, nilikuwa najiuliza mimi ninatoka upande gani, na mama hajui, au anajua. Kwenye picha zangu chumba kile kipo kila mara, chini kushoto, napaka nyeusi ya masizi, sisemi kitu. Kuna watu wazima wanaiangalia picha nzima wanacheka na treni alafu wakifika pale wanakaa kimya wanaaga.

Kuuza ni mateso yake. Nilipeleka picha Dar kwa mwenye duka mmoja kwa mali kauli, hakuna karatasi, tulipeana mikono tu. Moja ikauzwa nikapata laki na nusu kwa miezi, nyingine nikaja kuiona imechapwa kwenye fulana. Sina cha kumfanya maana sina maandishi. Sasa kabla kazi haijatoka ndani napiga picha, naandika makubaliano hata ya daftari tunasaini wote wawili na shahidi, nusu ya hela kwanza kama ni oda. Jisajili BASATA, baraza la sanaa, na kazi zako ziandikishe COSOTA, watu wa hakimiliki, ni usumbufu wa fomu lakini siku ya fulana utanikumbuka.

Ila ambalo sikulitegemea kabisa lilitokea nyumbani. Nilitundika picha barazani kwa rafiki yangu Mikindani, siku ya mapumziko, watu wakawa wanapita wanasimama. Mmoja akasema dirisha lile la nakshi ni la kwao. Kweli nilikuwa nimelichukua kwenye nyumba yao, nikaligeuza geuza. Ndugu zake wa baba mwingine wakasema hapana, lile ni letu. Kumbe wana kesi ya mirathi ya ile nyumba. Baada ya siku chache naitwa kwa mwenyekiti, nakuta familia mbili zimekaa, na picha yangu imeegeshwa ukutani kama ushahidi! Mzee mmoja ananiambia, "Kijana, sema mbele ya watu, nani alikwambia dirisha lilikuwa upande wa kina fulani?" Nikaeleza nyumba haipo, nimebuni, ona treni iko sebuleni. Akanijibu treni tumeiona, tunauliza dirisha.

Tulikaa mpaka alasiri. Mwenyekiti, Mungu ampe umri, akasema picha haina mhuri, tuendelee na wenye hati. Tangu siku hiyo nyuma ya kila hadibodi naandika kwa rangi nyeusi, herufi kubwa: NYUMBA HII HAIPO, tarehe, saini. Na kitu cha mtu kikitambulika namwendea mwenyewe kabla sijaonyesha, namwambia nimechukua mlango wako nimeuweka ghorofa ya tatu, una neno? Wengi wanafurahi. Mmoja alikataa, nikaufuta, nikaweka pazia.

Madai ya vyumba hayajaisha lakini, yamegeuka kuwa oda. Juzi kaja jamaa mkulima wa upande wa Nanyamba, nyumba yake imesimama kwenye linta tangu huo msimu wa 2018, anataka nimchoree ilivyo sasa lakini kwa juu niimalizie, bati la msauzi, roshani, na mama yake aliyefariki kakaa barazani anabangua korosho. Nikamwambia mama nahitaji kujua alikuwa anakaaje, mguu mmoja kaukunja au yote miwili, na kisu anashika mkono gani. Akafikiria, akampigia dada yake. Dada akasema kushoto, yeye anasema kulia, wakabishana pale pale kwenye simu vocha inaisha. Nimeshachukua nusu ya hela, hadibodi nimelipaka emulsheni mkono wa kwanza, nasubiri wanipe jibu la mkono.